Kompyuta Ikikwambia Iko Safi, Usiiamini Haraka

Wacha nianze na aibu yangu.

Likizo moja ya Desemba nilikaa na shosho jikoni, nikamrekodi akinisimulia vile alikutana na guka. Karibu saa tatu za sauti. Vicheko, kuku wakipiga kelele nje, shosho akisimama katikati ya story kugeuza chapo. Nikahamisha kila kitu kwa laptopu, kisha nikafuta kwa simu kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Najua. Usinikumbushe.

Wiki mbili baadaye stima ikapotea nikiwa katikati ya kuhariri. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa kitambo, kwa hivyo ilizima pap. Nilipoiwasha, ikakataa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja. Akaandika amri moja, skrini ikajaa maswali, na kila swali akalijibu kwa herufi moja: y. Y, y, y, kama mtu anakubali mashtaka. Baada ya muda akanigeukia.

"Boss, imepona."

"Na zile sauti za shosho?"

"Hapo sasa. Diski ndiyo imepona. Hizo sauti ni story ingine."

Hiyo sentensi ilinisumbua hadi nikaanza kusoma. Na nikagundua kwamba stima kupotea ni mwizi wa kawaida tu. Kuna mwizi mwingine mbaya zaidi, na huyu hutoka ndani ya nyumba. Leo nataka tuongee historia yake, kwa sababu mfumo wenyewe uko mfukoni mwako saa hii. Android imejengwa juu ya Linux, kwa hivyo hata kama hujawahi kugusa laptopu maishani, hii story ni yako.

Shamba, hati na ploti

Tuelewane kwanza. Chukulia diski ni shamba kubwa lililokatwa ploti ndogo ndogo. Kila ploti inabeba kipande cha faili. Kila faili ina hati yake, inayosema ukubwa wake ni huu na ploti zake ni hizi na hizi. Mafundi huiita hati hiyo inodi. Jina la faili halimo kwenye hati. Liko kwenye folda, na kazi ya folda ni kusema "jina hili, nenda uone hati namba fulani". Halafu kuna rejista ya ploti ambazo bado ziko wazi. Hayo yote kwa pamoja ndiyo mfumo wa faili.

Anayeandika hati, kugawa ploti na kujaza rejista ni keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Programu zingine zote zinapiga foleni kwake. Yeye ndiye ofisi ya ardhi.

Sasa wewe ni Mkenya. Unajua kinachotokea ofisi ya ardhi ikikosea. Watu wawili wanapewa hati ya ploti moja. Ploti iliyo na nyumba inaandikwa kwamba iko wazi, kesho inauzwa tena. Kuna hati ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Makosa hayo matatu ndiyo magonjwa makubwa ya mfumo wa faili, na historia ya kuyatibu ina zaidi ya miaka 50.

Enzi za kukagua kwa mkono

Unix ilianza mwaka 1969 pale Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Diski za wakati huo zilikuwa polepole sana, kwa hivyo keneli ilikuwa na mtindo ambao upo hadi leo. Ukiambiwa faili imehifadhiwa, mara nyingi bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, inangoja kuandikwa kwenye diski. Kwenye Unix za mapema kulikuwa na programu ndogo iliyoamka kila sekunde 30 kusukuma vitu vilivyokuwa vikingoja. Mashine ikianguka kabla ya hapo, hati ingeweza kuwa imeandikwa na rejista bado, au kinyume chake.

Dawa ilikuwa nini? Kulikuwa na zana tofauti tofauti: icheck ya kukagua ploti, dcheck ya kukagua folda, ncheck ya kutafuta jina la faili kutoka kwa namba ya hati. Lakini kuunganisha majibu yake ilikuwa kazi ya kichwa chako. Ukikosea wewe, unaongeza uharibifu juu ya uharibifu.

Katika miaka hiyo ya 1970 ndipo Ted Kowalski akaandika fsck, programu moja ya kufanya kazi yote kwa mpangilio. Baadaye Kirk McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaiandika upya ili ielewe mfumo mpya wa faili uliotoka na 4.2BSD mwaka 1983, na wawili hao wakaandika pamoja maelezo ya jinsi inavyofanya kazi. Ile amri ya fundi wangu ilikuwa mjukuu wa hiyo kazi.

fsck ni kama mpima ardhi asiyemwamini mtu. Toleo lake la Linux hupita hatua tano. Kwanza hupitia kila hati na kuuliza kama kuna ploti inayodaiwa na wawili. Pili hukagua folda. Tatu huhakikisha kila folda inafikika kutoka mwanzo wa mti. Nne huhesabu kama idadi ya majina yanayoelekeza kwa kila hati inalingana na inayodaiwa. Tano hulinganisha rejista ya ploti zilizo wazi na hali halisi. Hati isiyo na mwenyewe hutupwa kwenye folda inayoitwa lost+found, ikiwa imebatizwa namba badala ya jina. Huko ndiko nilikuta mabaki yangu: faili kadhaa zenye alama ya # na namba ndefu. Moja ilikuwa sekunde chache za shosho akisema "ngoja kwanza", kisha kimya.

Sasa ona kitu fundi alikuwa ananiambia. Mpima ardhi anaweza kuamua ploti ni ya nani. Hawezi kukujengea nyumba iliyobomolewa. fsck inarudisha mpangilio. Ikibidi itakata faili yako ndiyo hesabu zilingane, na kwa macho yake kazi itakuwa imeisha vizuri.

Alama ya "safi"

Diski zikakua, ukaguzi ukawa mrefu. Kwenye Linux ya miaka ya 1990, iliyotumia mfumo wa faili wa ext2, mashine ikizima vibaya ilibidi ungoje diski nzima ikaguliwe. Kwa hivyo kulikuwa na njia ya mkato: ukizima mashine vizuri, keneli inaandika alama kwenye diski kwamba mfumo wa faili ni safi. Ukiwasha, fsck inaona alama, inapita bila kukagua.

Halafu likaja daftari. Kabla ya kubadilisha hati, keneli inaandika kwanza kwenye daftari maalum: "Nataka kufanya moja, mbili, tatu." Stima ikipotea, mashine ikiwaka inasoma daftari na kumalizia kazi au kuitupa, na inachukua sekunde tu. Stephen Tweedie ndiye aliyeleta wazo hilo kwenye ext2, likazaa ext3, na ext3 ikaingia rasmi kwenye keneli ya Linux toleo 2.4.15, Novemba 2001.

Na hapa historia inatoa kicheko cha uchungu. Toleo hilo hilo la 2.4.15 lilitoka na hitilafu iliyoweza kuharibu mfumo wa faili wakati wa kuufunga, yaani wakati unazima mashine kwa adabu kabisa, vile mwalimu wa kompyuta alikufundisha. Toleo lenye ulinzi mpya ndilo lililobeba mwizi.

Lilitoka Novemba 23. Novemba 26 toleo 2.4.16 likatolewa kulirekebisha, na aliyelitoa alikuwa Marcelo Tosatti, kijana wa Brazil ambaye Linus Torvalds alikuwa amemkabidhi kutunza tawi la 2.4. Alikuwa na miaka 18. Wewe ukiwa na 18 ulikuwa unangoja matokeo ya KCSE. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzima moto kwenye diski za watu wa dunia nzima.

Sasa shika hii, kwa sababu ndiyo point yangu ya leo. Alama ya safi inaandikwa na keneli. Daftari linaandikwa na keneli. Stima ikipotea, hivyo vitu viwili vinakusaidia kwa sababu keneli yenyewe ilikuwa mwaminifu, ilikatizwa tu. Lakini keneli ikiwa ndiyo yenye kosa, itaandika kosa kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, kisha igonge muhuri wa safi. Mshtakiwa ndiye amejiandikia cheti cha tabia njema.

Ndiyo maana baada ya hitilafu ya keneli, kuwasha tu na kuona hakuna malalamiko haitoshi. Unalazimisha ukaguzi kamili kwa fsck -f, hata kama alama inasema safi. Na hili si wazo langu. Maelezo ya tune2fs, zana ya kubadilisha mipangilio ya mifumo hii, yanaonya wazi kwamba diski mbovu, nyaya, kumbukumbu na hitilafu za keneli zinaweza kuharibu mfumo wa faili bila alama yoyote kuonyesha. Ndiyo sababu zamani mashine ililazimisha ukaguzi kila baada ya kuwashwa mara kadhaa. Watu wakachoka kungoja, na siku hizi mifumo mipya kwa kawaida huanza bila utaratibu huo. Tulichagua haraka. Sawa, lakini tujue tulichotoa.

Anayelaumiwa si lazima awe mwizi

Ruka hadi 2018. Oktoba ikatoka Linux 4.19. Baada ya muda watu wakaanza kuripoti uharibifu kwenye ext4, mrithi wa ext3. Makosa yalitokea kwenye ext4, ujumbe ulitaja ext4, kwa hivyo macho yote yakamwelekea Ted Ts'o na wenzake wanaoitunza. Wiki zikapita, na hitilafu ilikuwa ngumu kuigiza upya.

Desemba ukweli ukatoka. Kosa lilikuwa chini zaidi, kwenye tabaka la keneli linalopanga maombi ya kusoma na kuandika kabla hayajafika kwenye diski. Ombi lililorudishwa kwa sababu kifaa kina shughuli liliweza kuunganishwa na ombi lingine vibaya. Jens Axboe, anayesimamia tabaka hilo, akatoa marekebisho, yakaingia kwenye 4.19.8. ext4 ilikuwa maiti iliyokutwa barabarani, ikafikiriwa ndiyo dereva.

Novemba 2023 mchezo ukajirudia kwenye OpenZFS. ZFS ni mfumo wa faili unaojivunia kuhakikisha kila kipande kwa hesabu maalum, ili data ikibadilika yenyewe ijulikane. Toleo la 2.2.0 lilipotoka, watu wakagundua kwamba ukinakili faili, nakala ingeweza kuwa na sehemu zilizojaa sifuri. Lawama zikaenda kwa kipengele kipya cha toleo hilo, kikazimwa. Kumbe kosa lilikuwa la zamani zaidi, kipengele kipya kililifanya tu lionekane. Marekebisho yakaja kwenye 2.2.2 na 2.1.14.

Kinachotisha hapo ni hiki. Ukaguzi wa ZFS haukuona shida yoyote, na haukuwa unadanganya. Sifuri ziliandikwa vizuri, zikahesabiwa vizuri, zikahifadhiwa vizuri. Zilikuwa tu data isiyo sahihi. Mpangilio asilimia mia, ukweli sifuri.

Daktari akiugua

Na kama unafikiri haya ni ya watu wa Linux pekee, Desemba 2020 Microsoft ilikiri kwamba kwenye kompyuta chache zilizopokea sasisho fulani la Windows 10, kuendesha chkdsk /f kungeweza kuharibu mfumo wa faili na mashine ikakataa kuwaka. chkdsk ndiyo zana ya kurekebisha! Ni kama kwenda hospitali kupimwa joto ukatoka umevunjika mguu. Tena njia ya kujiokoa waliyotoa ilihusisha kuendesha chkdsk /f tena, safari hii kutoka kwenye mazingira ya uokoaji, nje ya mfumo uliokuwa na kosa.

Usicheke sana, kwa sababu ndani ya hiyo kuna funzo la maana: usikarabati diski ukiwa umesimama juu ya keneli ile ile iliyoiharibu. Unampa mwizi funguo umsaidie kutafuta vilivyoibwa.

Mfano wa mwisho ndio unanipa imani kidogo. Desemba 2023, Debian ilikuwa inatoa toleo 12.3. Ikagundulika kwamba keneli iliyomo, 6.1.64, ina hitilafu inayoweza kuharibu data kwenye ext4. Marekebisho fulani yalikuwa yamerudishwa kwenye tawi la zamani bila sehemu nyingine ambayo yaliitegemea. Debian hawakujifanya. Walisimamisha kazi, wakaambia watu wasisasishe, na Desemba 10 wakatoa 12.4 yenye keneli iliyorekebishwa. Watu wa kujitolea, hadharani, wakasema "tumekosea, ngojeni". Ni lini mara ya mwisho uliona ofisi ya kwetu ikifanya hivyo?

Kwa hivyo tufanye nini

Maoni yangu ni haya. Kizazi chetu kimelelewa kuamini alama ya tiki. Tiki mbili, ujumbe umefika. "Imehifadhiwa", basi iko. Historia hii inasema tiki ni maneno ya mfumo kuhusu mfumo wenyewe. Mara nyingi ni kweli. Siku ambayo si kweli, itaonekana vile vile.

Ukisikia toleo la keneli unalotumia lina hitilafu ya kuharibu data, fuata mpangilio huu. Acha kuandika chochote kwenye hiyo diski. Washa mashine kwa keneli nyingine nzima, hata kutoka kwa flashi. Nakili diski nzima kabla ya kurekebisha, kwa sababu kila "y" unayobonyeza haina njia ya kurudi. Kagua kwanza bila kubadilisha kitu. Amri ya e2fsck -n hufanya hivyo. Usiwahi kukarabati mfumo wa faili ambao unatumika wakati huo huo. Ndipo ulazimishe ukaguzi kamili, kisha uingie lost+found na subira ya mtu anayepanga picha za mazishi.

Ukimaliza, bado hujamaliza. Fungua faili zako. Sikiliza sauti, tazama video hadi mwisho, linganisha na nakala. fsck haijui shosho wako ni nani. Ni wewe tu unayejua ile faili ilipaswa kuwa na nini.

Na nakala iwe mahali pengine, kwenye kifaa kingine, si folda ya pili ndani ya diski ile ile. Hiyo nayo uifungue mara moja moja uhakikishe inacheza.

Kuhusu zile saa tatu: hazikurudi. Lakini siku ile ya kurekodi nilikuwa nimemtumia shangazi kipande kimoja kwenye WhatsApp, dakika nne, tucheke pamoja. Miezi baadaye nikamuuliza, nikiwa sina matumaini.

"Shangazi, ile sauti ya shosho bado uko nayo?"

"Ile ya kuku? Mimi hiyo siwezi futa, mwanangu. Huwa naisikiliza nikiosha vyombo."

Dakika nne. Shosho, kuku, chapo inageuzwa. Hakuna programu iliyoziokoa. Ziliokolewa na mtu aliyekuwa na nakala na alikuwa anaifungua.

Sasa ukimaliza kusoma, fungua simu yako. Ile picha au sauti moja ambayo ikipotea utalia, iko wapi pengine? Kama jibu ni "hakuna", itumie mtu leo.